Kesi ya Macho ya Mama Stella

Siku yangu ya kwanza kazini, Paroko alinikuta nimesimama nje ya ofisi ya parokia kule Riruta, nimevaa tai niliyoazima kwa mjomba wangu, akaniuliza kama nimekuja kupiga taipu au kufunga ndoa. Nilikuwa kijana wa kutoka Busia, nimemaliza kozi ya uhazili katika chuo kimoja cha mjini, na hiyo kazi ya ukarani wa parokia ndiyo ya kwanza niliyopata. Paroko alikuwa Mzungu mrefu aliyezeekea huku kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa sanifu kuliko changu. Alinionyesha meza, taipureta nzito kama gunia la simiti, na kabati la rejista za ubatizo. Kisha akaniambia, "Watu watakuja. Waandikie," akaenda zake kuzika.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa katika kazi hizi za ofisi za kanisa, mkiwa na kompyuta na simu za kupiga picha nyaraka. Si kwamba kazi yetu ilikuwa bora kuliko yenu. Tuliifanya kwa uangalifu mkubwa, na bado kuna mtu mmoja ambaye uangalifu wetu haukumfikia.

Watu walikuja kweli. Walitaka vyeti vya ubatizo kwa ajili ya shule, barua za kuoa, na zaidi ya yote walitaka kuandikisha nia za misa, yaani yale maombi ambayo Mkristo huleta ili padri ayatamke altareni. Hapo ndipo nilipoanza kujua jinsi watu wetu wanavyoomba kuponywa. Mtu alikuja na presha ya mamaye, na degedege la mtoto, na uvimbe ambao daktari alikuwa bado hajaupa jina. Wengine walirudi kushukuru. Mama mmoja aliniambia niandike shukrani kwa sababu figo ya mumewe imerudi. Mimi, nikijiona nimesoma, nikaandika kwamba mgonjwa amepata nafuu. Paroko akaisoma karatasi.

"Alisema nafuu?"

"Hapana, Fada. Alisema figo imerudi."

"Basi andika figo imerudi. Wewe si daktari na wala si Mungu. Wewe ni karani."

Nilikaa naye mpaka aliporudishwa kwao kwa uzee. Aliyemfuata alikuwa Paroko kijana, mtu wa haraka, ambaye hakukaa na mimi sana kabla ya kunipendekeza kwa ofisi za kanisa mjini. Walikuwa wanahitaji mtu anayeweza kuandika kwa kasi, na anayeweza kunyamaza.

Ofisi zenyewe zilikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya juu, kelele za barabara zikipanda mpaka dirishani. Nilipangiwa katika baraza linaloshughulikia kesi za ndoa, chini ya Padri Katibu, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuonekana akikimbia. Yeye ndiye aliyenifundisha unotari. Msidhani ni kazi ya kupiga mihuri tu. Notari wa kanisa ni mwandishi aliyeapishwa. Anakaa pembeni ya anayeuliza maswali, anaandika neno kwa neno anachosema shahidi, halafu anamsomea shahidi yale aliyoyaandika ili ayakubali au ayasahihishe. Bila saini yake kikao ni mazungumzo tu. Haulizi swali. Hatoi maoni. Mwanzoni nilikuwa na tabia ya kutikisa kichwa nikimwonea shahidi huruma, na Padri Katibu akawa ananikanyaga mguu chini ya meza.

"Ukitikisa kichwa," aliniambia tukinywa chai, "anajua umekubali. Akijua umekubali, ataongeza. Kesho ukweli wake utakuwa na chumvi yako."

Kwa miaka mingi niliandika habari za ndoa zilizovunjika, na uso wangu ukazoea kutulia. Nyumbani mke wangu alilalamika kwamba hata yeye akinisimulia habari za sokoni namsikiliza kama shahidi.

Halafu ikaja kesi ninayotaka kuwaeleza. Niseme kwanza kwamba kazi hiyo ina kiapo cha siri, na ya wengine waliohojiwa sitayagusa. Ninayoyasimulia ni ya Mama Stella, ambayo amekuwa akiyasimulia mwenyewe kwa yeyote, na ambayo ameniomba niyaandike.

Kulikuwa na sista mmoja, Sista Klementina, aliyeuguza watu maisha yake yote katika zahanati ndogo upande wa Dagoretti. Alipofariki, walioguswa na mikono yake hawakuacha kumtembelea. Walikaa kando ya kaburi lake kwenye uwanja wa nyumba ya masista, wakamwambia shida zao kama walivyokuwa wakimwambia dirishani pa zahanati. Wengine walidai kupona. Masista wa shirika lake wakaomba kanisa lichunguze. Ili mtu atangazwe Mwenyeheri, hatua ya kuelekea utakatifu, kunahitajika uponyaji uliopatikana kwa maombezi yake ambao elimu ya tiba haiwezi kuueleza. Sisi Wakatoliki hatuamini kila anayesema amepona. Wenzetu wa makanisa mengine hutushangaa kwa hilo. Mtu anapiga kelele za shangwe, na sisi tunaleta madaktari na maswali.

Monsinyori, yaani padri wa cheo, aliyesimamia uchunguzi alikuwa mzee mpole mwenye kifua cha pumu, na aliniita ofisini mwake kunipa kazi hiyo. Alinionyesha vidole vitatu.

"Silvano, tunatafuta mambo matatu. Uponyaji uwe wa mara moja, uwe kamili, na uwe wa kudumu. Moja likikosekana, tutamshukuru Mungu kimya kimya na kufunga jalada."

Pamoja nasi alikuwapo padri anayeitwa Mtetezi wa Haki. Kazi yake ni kuuliza maswali magumu ili kanisa lisidanganywe. Alikuwa mwembamba, miwani ikimteleza puani, na moyoni alikuwa mtu mwema kuliko maswali yake. Shahidi mkuu alikuwa Rosalia, ambaye watu wote walimwita Mama Stella kwa jina la bintiye. Alikuwa mjane, fundi wa nguo mwenye kibanda chake karibu na Adams Arcade. Aliwashonea akina mama wa Woodley magauni ya harusi, na watoto wa altare kanzu zao. Nyumba yake ilikuwa Riruta, njia mbili tu kutoka kwangu, ingawa kabla ya siku ile hatukuwa tumefahamiana zaidi ya salamu.

Aliingia amevaa gauni la zambarau alilojishonea, akaapa mkono ukiwa juu ya Biblia, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Ilianza na uzi nyekundu," alisema. "Nilikuwa nashona sweta za shule. Ile nyekundu ikaanza kukaa kama kutu. Nilidhani ni taa ya duka imekuwa mbaya. Nikanunua balbu ingine. Bado kutu. Halafu macho ikauma kwa ndani, nikigeuza inauma. Kabla wiki iishe, giza. Macho yote mbili."

Alilazwa hospitalini. Daktari alimwambia mishipa inayopeleka picha kutoka machoni hadi kwenye ubongo imevimba, akadungwa dawa kwenye mshipa wa mkono, kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa haoni kitu. Aliambiwa asubiri. Alisubiri. Cherehani yake ikafunikwa shuka. Stella, aliyekuwa bado msichana wa shule ya msingi, akawa anamwongoza mamaye chooni.

Akina mama wa jumuiya, lile kundi la majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, ndio waliomwambia habari za Sista Klementina. Wakampeleka kaburini kila siku ya novena, zile siku tisa za sala, wakimshika mikono huku na huku.

"Uliomba nini hasa?" Mtetezi wa Haki akauliza.

"Nilimwambia, Sista, mimi sitaki maajabu. Mimi nataka kutunga sindano."

Siku iliyofuata ile ya mwisho ya novena, aliamka, akapapasa kutafuta beseni la kunawia. "Nikaona ni ya bluu," alisema, na hapo akalia. "Nilikuwa nimesahau beseni yetu ni ya bluu."

Nililiandika beseni. Nikaiandika na rangi yake.

Mtetezi akamwacha apanguse machozi, kisha akaendelea taratibu. "Mama, tangu siku hiyo mpaka leo, shida hiyo imewahi kurudi?"

"Haijarudi. Na haitarudi."

"Nimeuliza tu mpaka leo, mama. Ya mbele hakuna anayejua."

"Mimi najua," alisema Mama Stella. "Andikeni haitarudi."

Monsinyori akanitazama, akaniashiria niandike. Nilipomsomea ushahidi wake wote, alikubali kwa kichwa kila sentensi, na nilipofika hapo alirudia pamoja nami, kama anayeitikia misa. Kisha akatia saini, herufi nzuri zilizonyooka kama mshono.

Baada yake tulimsikiliza daktari wa macho aliyeteuliwa kuichunguza kesi. Jibu lake alilitamka pia mbele ya Mama Stella siku alipompima, ndiyo maana naweza kulisema. Alieleza kwamba uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hupungua wenyewe katika majuma kadhaa, tena mgonjwa alikuwa amepewa dawa. Lakini macho yote mawili kuzimika kabisa, halafu kurudi safi asubuhi moja, hilo hakuwa ameliona.

Monsinyori akamuuliza, "Kwa hiyo unaweza kulieleza?"

"Siwezi," daktari akasema. "Lakini kusema siwezi kueleza si sawa na kusema haiwezekani. Msinibebeshe neno hilo la pili."

Tulimaliza vikao, tukapanga karatasi katika masanduku, tukayafunga kwa utepe na kuyapiga muhuri wa nta nyekundu, yakapelekwa Roma. Nilijivunia masanduku yale. Sijawahi kufanya kazi iliyonyooka namna ile, kila ukurasa una saini, hakuna herufi iliyofutwa.

Huku nyuma, Mama Stella hakuachwa kuwa fundi tu. Mtu wa jumuiya alimrekodi kwa simu akisimulia, na video ikatembea kwenye makundi ya WhatsApp ya parokia mpaka Kitale na Machakos. Watu walikuja kwenye kibanda chake bila kitambaa cha kushona. Walileta wagonjwa. Walimwomba awaguse, yeye akikataa, akiwaelekeza kwa Sista. Mapadri walimwalika atoe ushuhuda. Nilimwona mara moja kwenye semina, amesimama mbele ya umati kipaza sauti mkononi, na nilipomwona nilifurahi. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Roma wana saa yao. Miaka ilipita. Monsinyori alifariki kwa ile pumu yake, Mtetezi wa Haki akapelekwa kufundisha katika seminari mbali na Nairobi, na mimi nikarudi kwenye kesi zangu za ndoa chini ya Padri Katibu mpya, mtu wa kompyuta. Monsinyori aliyeshika nafasi ya yule mzee alinikuta siku moja kwenye ngazi, lifti ikiwa imeharibika, akaniambia huku akihema.

"Silvano, ile ya macho imewekwa kando. Madaktari wa kule wamesema ugonjwa wenyewe unajulikana kupona, na kulikuwa na dawa. Masista wataendelea kungoja uponyaji mwingine. Wameandikiwa."

Nikasema, "Na Mama Stella?"

"Masista wapo karibu naye," alisema. "Watamwambia."

Ndivyo utaratibu ulivyokuwa. Shahidi haandikiwi barua. Aliyeomba uchunguzi ndiye anayejibiwa, na hao walikuwa masista. Masista nao, kama nilivyokuja kujua, walidhani jambo zito namna hiyo lazima ofisi ya mjini ingemwita mama mwenyewe na kumweleza kwa heshima. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja aliamini kwamba mwenzake amekwisha kwenda.

Nilistaafu. Wenzangu walinikatia keki, wakanipa saa ya ukutani, na Padri Katibu akasoma hotuba iliyojaa sifa ambazo sikuzijua. Nikarudi Riruta kukaa na mke wangu na kujifunza upya kusikiliza habari za sokoni.

Jumapili moja baada ya misa, mwanamke kijana alinisimamisha uwanjani.

"Mzee Silvano, unanikumbuka? Mimi ni Stella. Wa Mama Stella wa macho."

Nilimwambia amekua, kama tunavyosema sisi wazee. Nikamuuliza mama anashona nini siku hizi.

"Hashoni, mzee. Duka tulifunga. Hata kanisa haji." Alitazama pembeni. "Kuja umwone. Wewe anaweza kukusikiza."

Nilikwenda siku iliyofuata, mchana. Mama Stella alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, akichambua mboga kwa vidole, uso ameuinamisha upande ili jicho la kulia lifanye kazi. Aliponitambua alijaribu kuketi wima.

"Mzee, kama umetumwa na Monsinyori, mwambie mimi niko sawa."

"Sijatumwa na mtu. Nilistaafu."

Akanionyesha mahali pa kuketi. Kisha akaniuliza kama natumia sukari, akamtuma Stella aweke chai, na Stella alipoingia ndani akasema kwa sauti ya chini, "Ya kushoto imeenda."

"Tangu lini?"

"Stella alikuwa bado sekondari. Ile uzi nyekundu. Ilianza kutu, vilevile, lakini upande moja. Nikajua."

"Hukwenda hospitali?"

"Niende niseme nini?" Alinigeukia, na nikaona jicho la kushoto likitazama bila kushika kitu. "Mimi niliapa kwenu. Nilisema haitarudi, wewe ukaandika. Nikienda kliniki wataandika kwa kadi, na ile kadi mtaitaka, na itafika Roma. Yule Sista alinipa macho. Mimi nimnyime jina kwa sababu ya jicho moja?"

Alinieleza jinsi alivyoficha. Alipanga nyuzi zake kwa mpangilio asiokosea, akashona kwa mazoea ya mikono. Watu walipoleta wagonjwa, aliwatazama kwa upande wa kulia na kuwaambia anaona vizuri kabisa. Alisimama kwenye semina akasema hivyo hivyo. Mishono ilianza kwenda kombo. Bibi harusi mmoja alirudisha gauni akilia. Stella ndiye aliyegundua, siku alipompitishia mamaye kikombe upande wa kushoto kikaanguka. Alimkokota hospitali kwa nguvu. Daktari akasema mshipa wa jicho hilo umekufa, na kwamba wangekuja ulipoanza, dawa ipo, huenda ungeokoka. Baada ya hapo Mama Stella alirudi nyumbani, akafunga duka, na kuacha kwenda misa. Hakumkasirikia Mungu. Aliogopa tu watu wasimwone akijikwaa.

"Nilikuwa nangoja jibu la Roma," alisema. "Nikasema, jibu likitoka, Sista akipata jina lake, basi mimi nitasema ukweli."

Chai ilikuwa imekuja. Stella alisimama mlangoni na birika mkononi. Nilielewa wakati huo kwamba hawakuwa wameambiwa.

"Rosalia," nikasema, na nadhani ni mara ya kwanza kumwita kwa jina lake nje ya kikao, "jibu lilitoka. Kesi iliwekwa kando zamani. Kabla Stella hajamaliza kidato cha kwanza."

Hakuuliza kwa nini. Alikaa akizigeuza mboga kwenye sinia, jani moja moja. Kisha akasema, "Kwa hivyo nilikuwa nalinda nini?"

Stella akaliweka birika chini.

"Mlikuja wote," alisema, na sasa sauti ilikuwa inapanda. "Mkaapa. Mkanipeleka kwa daktari wenu. Mkapiga mihuri. Mlijua jina ya baba yangu, mlijua siku nilibatizwa. Siku ya kufunga, hakuna hata mtu moja alijua nyumba yangu iko wapi? Na wewe unakaa hapo jirani tu!"

Stella akasema, "Mathe, pole pole."

"Wacha niseme. Nimenyamaza ya kutosha."

Nilimwacha aseme. Alisema mengi, na yote yalikuwa ya haki. Alipochoka alifunga kichwa kitambaa upya, akaniuliza kwa utulivu ulioniuma kuliko hasira.

"Waliona mimi ni mwongo?"

"Hapana. Hakuna aliyesema hivyo. Walisema tu kwamba dawa inaweza kuwa ndiyo iliyofanya kazi. Mungu hakatazwi kutumia dawa."

"Na wewe? Wewe uliandika yote. Uliniamini?"

Maisha yangu yote ya kazi hakuna shahidi aliyewahi kuniuliza swali. "Niliamini kwamba ulikuwa huoni, ukaona," nilimwambia. "Naliamini mpaka leo. Ulipona, Rosalia. Ugonjwa ulirudi baadaye, lakini ulipona. Hata Lazaro alifufuliwa na Bwana mwenyewe, na siku moja akaugua tena akafa. Hakuna aliyesema hakufufuliwa."

Alicheka kidogo, kicheko kibovu chenye machozi. "Lazaro alikufa tena?"

"Sasa unadhani yuko wapi?"

"Hii kitu," alisema, akijipangusa, "mngeniambia siku ile nilitia saini."

Ndiyo. Tungemwambia siku ile. Ingetuchukua muda mfupi kuliko kuyeyusha nta. Mtetezi wa Haki alijaribu, kwa namna yake, aliposema ya mbele hakuna anayejua, lakini alilisema kama mtu anayelinda jalada, na mama aliyekuwa analia alihitaji kuambiwa na mtu aliyemgeukia yeye. Tulikuwa tumejifunza kuulinda ukweli usiharibiwe na shahidi. Hatukuwa tumejifunza kumlinda shahidi asiharibiwe na ukweli wetu. Nimelifikiria hilo zaidi ya jambo lolote tangu nistaafu, na usingizi wa mchana, ambao niliungoja kwa hamu miaka yote, mara nyingi hauji.

Nilikwenda kwa masista. Sista Mkuu wao, ambaye ni mgeni katika nafasi hiyo, alisikiliza akashika kichwa. Alikwenda Riruta mwenyewe, akapiga magoti mbele ya kile kigoda, na sijui waliambiana nini. Nilikwenda pia ofisini mjini. Monsinyori wa sasa alinipokea vizuri na akasema utaratibu utaangaliwa. Labda ninyi mnaosoma haya ndio mtakaouangalia. Mkikaa kwenye kiti kile, andikeni anavyosema shahidi. Na kesi ikifungwa, iwe imeshinda au imeshindwa, mtu mmoja avae viatu aende akabishe hodi.

Mama Stella anatibiwa sasa. Jicho la kushoto halitarudi, ameambiwa wazi. La kulia linalindwa kwa dawa anazomeza, na Stella humsindikiza kliniki. Stella akiwa kazini, naenda mimi. Hatuongei sana njiani. Amenisamehe kwa maneno, na mimi simhimizi zaidi ya hapo.

Amerudi pia kanisani. Mwezi uliopita tulikuwa tumeketi kwenye benchi la uwanjani baada ya misa, yeye na mimi, tukimngoja Stella, akaja mama mdogo wa umri amebeba mtoto mgongoni. Alimtazama Rosalia kwa muda, akasogea.

"Samahani, mathe. Wewe si yule wa video? Wa kuponywa macho?"

Nilimwona Rosalia akikaza mabega kama siku ile kwenye semina. Kisha yakalegea.

"Ni mimi. Lakini hii moja imezimika," alisema, akigusa shavu lake la kushoto. "Niliombewa nikapona, halafu ikarudi, nikanyamaza. Mtoto ana nini?"

"Jicho. Ukimpiga picha inang'aa nyeupe. Nilikuwa nataka umshike tu, umwombee kwa Sista."

"Daktari amemwona?"

"Bado. Nilisema nianze na maombi."

Rosalia alinyoosha mkono, akageuza uso mpaka jicho la kulia likakipata kichwa cha mtoto, akakiwekea kiganja. Midomo yake ilicheza kwa muda, na yule mama akafumba macho. Walipomaliza, Rosalia alisimama na kutafuta mkoba wake.

"Sasa twende kliniki," alisema.

"Leo? Leo ni Jumapili, mathe."

"Ya dharura hawafungi. Mimi nawajua pale. Twende, nitaendelea kumwombea tukiwa kwa laini ya daktari."

Nilisimama niwasindikize, akaniashiria niketi, nimngojee Stella nimwambie. Wakaondoka kuelekea langoni, Rosalia akiwa upande wa kulia wa yule mama, wameshikana mikono, na kwa nyuma sikuweza kujua ni nani anayemwongoza mwenzake.